Mgonjwa wa Safarini Asinyamaze

Imekuwa ada njema kwa vijana wa Visiwani, wamalizapo masomo au wapatapo likizo, kuvuka bahari kwenda kuiona nchi yao. Hutia nguo mbili tatu katika shanta, wakaivaa mgongoni, wakapanda boti Malindi hadi Dar es Salaam, na kutoka huko wakashika reli kuelekea bara. Wengine hufika hadi Kigoma kuliona Ziwa Tanganyika, kuwatazama sokwe wa Gombe na kuzuru Ujiji, mji ambao Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Ada hii twaiunga mkono kwa moyo wote. Anayeijua nchi yake kwa miguu na macho yake huipenda zaidi kuliko yule aliyeisoma vitabuni tu.

Hata hivyo, safari ina upande wake wa pili, na leo hatuna budi kuuzungumzia. Kijana mmoja wa kisiwani ametuhadithia yaliyomfika alipokuwa akirejea kutoka Kigoma. Alikaa huko wiki mbili, akilala kwenye vyumba vya bei nafuu, na baadhi ya siku bila ya chandarua. Jioni aliyopanda treni alihisi kichwa kizito, akadhani ni uchovu. Usiku ulipoingia akaanza kutetemeka. Mama mmoja aliyekaa naye benchi moja akamgusa paji la uso, akamwambia, "Mwanangu, hii si baridi ya dirishani. Una homa." Kijana akajibu, "Ni uchovu tu, mama," akageuza uso.

Asubuhi treni ilifika Tabora. Hapo ni njia panda ya reli ya Mwanza na ya Kigoma, na ni mji mkubwa wenye hospitali. Kijana alikuwa na nafasi ya kushuka, kupimwa na kutibiwa. Hakushuka, wala hakusema neno. Anakiri mwenyewe kwamba aliogopa mambo matatu: kuachwa katika mji asiokuwa na jamaa, kupoteza nauli aliyokwisha kuilipa, na kuonekana dhaifu mbele ya watu. Treni ikaondoka naye. Mchana kutwa alitapika, akakataa chakula, akalala chini baina ya mizigo kwa sababu benchi lilimshinda. Yule mama alimfunika kanga yake na kumnywesha maji kwa kifuniko cha chupa. Usiku wa pili, walipokuwa wamepita Manyoni, kijana akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Ndipo mama yule alipoinuka, akapita behewa hadi behewa mpaka akampata mkuu wa treni.

Tunapenda ifahamike kwamba mkuu wa treni, mara alipoambiwa, alitimiza wajibu wake. Aliarifu mbele, na treni ilipowasili Dodoma watu walikuwa wamekwisha kusubiri na machela. Hospitali walimpima, wakamkuta na malaria iliyokwisha kuwa kali. Leo kijana huyo ni mzima, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini yatupasa kujiuliza: kutoka Tabora hadi Dodoma, mchana kutwa na sehemu ya usiku, mgonjwa huyu alikuwa akingoja nini? Alikuwa akingoja mtu wa kusema kwa niaba yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huu una uzito zaidi ndani ya treni kuliko nyumbani. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilometa zipatazo 1,250. Safari yake kwa treni ya kawaida huchukua mchana na usiku kadhaa, na baina ya mji na mji kuna mbuga na misitu ambamo mgonjwa hawezi kushushwa akapata msaada. Mwenye gari huweza kugeuza njia kumkimbilia daktari, lakini treni haigeuzi njia. Kwa hiyo kila stesheni yenye hospitali ni mlango, na mlango ukishapitwa, mwingine u mbali. Malaria nayo haingoji. Wataalamu wa afya wanatufundisha kwamba ile ya aina iliyoenea kwetu, isipotibiwa, yaweza kugeuka kuwa kali na kuua katika muda wa saa 24 tangu homa ianze.

Na hapa wananchi wa Visiwani wana sababu ya pekee ya kujihadhari. Juhudi za Serikali na wananchi, kwa vyandarua, kupuliza dawa majumbani na dawa mseto iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, zimeipunguza sana malaria Unguja na Pemba. Kwa miaka mingi kiwango chake kimekuwa karibu na asilimia 1 au chini ya hapo. Hii ni fahari yetu. Lakini fahari hii ina deni lake. Mtu aliyekulia mahali penye malaria nyingi hujenga kinga ya kiasi fulani mwilini. Kijana wetu aliyekulia bila ya malaria hana kinga hiyo. Tena dalili hazitokei siku ile ile aliyoumwa na mbu, bali aghalabu baada ya wiki moja au zaidi. Ndiyo maana ugonjwa alioupata Kigoma humwangusha akiwa njiani kurudi, au akiwa amekwisha kufika nyumbani.

Basi tunasema nini? Kwa vijana wetu twasema: tembeeni, lakini ndani ya shanta pawemo chandarua. Kabla ya kusafiri, mwoneni daktari mumuulize juu ya dawa ya kinga. Andikeni katika karatasi jina lenu na namba ya simu ya jamaa, kwani simu huzimika na mgonjwa hupotewa na kauli. Msimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha, pimeni kwanza. Kwa anayeharisha, maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote kwa kipimo cha kijiko kilichosawazishwa, vitamsaidia mpaka afike kwa mganga. Juu ya yote, homa ikiingia, semeni. Semeni kwa jirani, semeni kwa mkuu wa treni, semeni kabla ya stesheni kubwa na si baada yake. Kushuka njiani kutibiwa si aibu, na nauli iliyopotea hulipika.

Kwa wahusika wa usafiri, tunatoa rai ambayo haihitaji fedha nyingi. Pawepo tangazo la Kiswahili chepesi katika kila behewa, likieleza mgonjwa amwambie nani, na stesheni zipi zina hospitali karibu. Tangazo hilo lisomwe kwa sauti kabla ya treni kuondoka, na tena kabla ya kila mji mkubwa. Wahudumu wafunzwe kumtambua mgonjwa asiyesema, na sanduku la huduma ya kwanza liwe mahali panapojulikana na kila abiria. Kijana wetu alisaidiwa mara tu alipotajwa. Hakujua tu kwamba msaada huo ulikuwapo.

Kwa maofisa wetu wa afya hapa Visiwani, twaona yafaa msafiri aagwe bandarini kwa maneno mawili ya nasaha, na akirudi na homa aulizwe kwanza: ulikuwa wapi? Tayari wahudumu wetu wana utaratibu mzuri wa kumfuata mgonjwa wa malaria hadi nyumbani na kuwapima waliomo. Utaratibu huo uanzie safarini, usingoje kitandani.

Mwisho, tunamkumbuka yule mama wa behewani. Hakuwa mganga wala mtumishi wa reli, na kijana hakuwa mwanawe. Alikataa kuamini neno "uchovu tu". Abiria yeyote aweza kufanya kama yeye. Lakini usalama wa watoto wetu usitegemee bahati ya kukaa karibu na mtu wa namna hiyo. Lililo wajibu wa wote lipangwe na wenye mamlaka, na mgonjwa naye asinyamaze.