Mgeni na Vyandarua Vyake

Sisi makarani tuliozeeka katika vocha twajua ya kuwa fedha isiyo na fungu katika makisio ya mwaka haiko, hata itangazwe kwa ngoma. Basi na tuikague kwa jicho hilo hesabu ya mkubwa mmoja.

Mwaka 2007 Baraza la kutunga sheria la Marekani lilipitisha sheria ya kuongeza dola bilioni 35, kwa miaka mitano, katika bima ya matibabu ya watoto ambao wazazi wao si mafukara, ila mshahara hauwatoshi kununua bima. (Makarani watawatambua mara moja wazazi hao.) Fedha ingetoka katika kodi ya sigara. Rais George W. Bush alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa Cleveland, mwezi wa Julai, ya kwamba matibabu yapo, maana mgonjwa aweza kwenda chumba cha dharura cha hospitali. Tarehe 3 Oktoba akaikataa sheria ile, mlango umefungwa, hapana mpiga picha. Desemba ikaletwa ya pili, nayo akaikataa. Kwake yeye nyongeza ya bilioni 5 ilitosha.

Miezi miwili baadaye tulimpokea Tanzania. Wacheza ngoma wa Dar es Salaam walivaa nguo zenye sura yake, na tarehe 18 Februari 2008, huko Arusha, akatangaza vyandarua milioni 5.2 vya bure, ili kila mtoto wa mwaka 1 hadi 5 apate chake. Safari hii mlango ulikuwa wazi, na wapiga picha tele.

Hatukitukani chandarua. Mtoto aliyelala ndani yake akaepukana na homa hana haja ya siasa zetu. Lakini twauliza, mkono ule ule uliokunjwa Oktoba ulikunjuliwaje Februari? Twaona sababu ni hii: mtoto wa Cleveland alikuja na sheria, naye akipewa leo, kesho atadai. Mtoto wa Arusha hakuja na karatasi yo yote. Akipewa atashukuru, na mwakani hana pa kudai. Wakubwa wapenda sana kutoa. Kudaiwa ndiko wasikokupenda.

Wala tusimcheke mgeni peke yake. Aprili 2001 wakuu wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya makisio yao kwa ajili ya afya. Serikali zilizopata kuifikia ni chache mno. Ila siku ya kupokea vyandarua wakubwa wetu hukaa mstari wa mbele wakipiga makofi, na mikono inayopiga makofi, kama mjuavyo, haiwezi kutia sahihi vocha.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais mwingine wa Marekani, siku yake ya kwanza kazini, alitia sahihi karatasi ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Na tarehe 1 Julai shirika la USAID, lililosimamia vyandarua vile, likakoma. Tungelalamika kwa kifungu gani?

Kwa hiyo twawaomba wanachama walio katika ofisi za Hazina watujibu kwa maandishi kabla ya mkutano ujao: fungu la vyandarua vya watoto, kwa fedha yetu wenyewe, ni namba ngapi, na mwaka jana zilitolewa shilingi ngapi?