Uwezo wa Askari na Haki ya Kibarua

Ukisikia mswada wa kumwongezea askari uwezo wa kukamata, usiulize tu jinsi utakavyomtisha mwizi. Uliza utamfanya nini asiye na hatia. Mfikirie kibarua atokaye Bungoma, amesimama kando ya njia Kitale akingoja mwenye shamba wa kumwandika kuvuna mahindi. Zamani za ukoloni, tangu 1920, mtu kama huyo alivaa kipande shingoni, na asiyekuwa nacho alitozwa faini au kufungwa. Uhuru ulikuja 1963, lakini Sheria ya Uzururaji haikufutwa hadi 1997!

Watetezi wa mswada watasema kwamba Katiba ya 2010 yatulinda, maana aliyekamatwa hufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Naam; lakini saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama imefungwa, askari anayo ruhusa ya kungoja siku ya kazi ifuatayo. Ukishikwa Ijumaa jioni, utamwona hakimu Jumatatu. Kibarua hulipwa kwa siku. Amekwisha kuadhibiwa kabla ya kushtakiwa, na watoto wake pamoja naye. Basi mswada wowote usiomlazimisha askari kuandika kosa aliloliona, wala kumlipa ujira wake aliyeshikwa bure, wabunge wa Trans Nzoia na Bungoma na waukatae.