Si Ngozi Yake, Ni Piko

Leo nina maneno makali kidogo, mnivumilie.

Kila ikiingia Mfunguo Mosi na harusi zikaanza kupangana, maneno ni yale yale. "Fulani ana ngozi mbaya, piko imemkataa." Au, "Kahusudiwa huyo, siku mbili kabla ya ndoa mikono imemvimba." Mimi nasema hapana. Hasad ipo, tumeambiwa na tunaamini, lakini hasad haichori maua. Malengelenge yakimtoka msichana yakafuata mchoro ule ule aliochorwa, ua kwa ua na jani kwa jani, basi mwenye kosa anajulikana. Ni piko.

Tuanze na jambo moja ambalo watu wanalichanganya. Piko si hina. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa, yakasagwa, yakakorogwa. Rangi yake inatoka mle mle ndani ya majani, inaanza kama chungwa, kisha inakoza taratibu siku ya pili na ya tatu mpaka inakuwa nyekundu ya kahawia. Haiwi nyeusi tititi. Piko ya siku hizi kwa sehemu kubwa ni unga wa rangi nyeusi ya nywele uliokorogwa na maji, au uliotiwa kwenye hina ili ikoze haraka. Ndani ya unga ule mna kemikali inaitwa parafenilendiamini, kwa kifupi PPD.

Madaktari wa ngozi wanaijua PPD zamani. Chama cha Marekani cha madaktari wanaoshughulika na mzio wa ngozi kiliitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2006. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu itiwe kwenye rangi ya nywele tu, na isizidi asilimia 2 inapofika kichwani. Kuipaka kwenye ngozi kwa kuchora hairuhusiwi, na Marekani nayo ni hivyo hivyo. Na kule Ulaya, boksi la rangi ya nywele lazima liandikwe onyo kuwa mtu aliyewahi kuchorwa hina nyeusi yuko kwenye hatari zaidi ya kupata mzio. Yaani wenye kuitengeneza wanaonya, sisi tunampaka biharusi mpaka kwenye viwiko.

Sasa tuje kwetu, kwa watu wa hina kama sisi. Watafiti wa Falme za Kiarabu walikusanya hina zinazouzwa na kupakwa kule, wakazipima, wakachapisha majibu mwaka 2010. Katika hina nyeusi walikuta PPD kuanzia asilimia 0.4 mpaka asilimia 29.5. Linganisha na ile 2 ya Ulaya. Na hiyo 2 ni ya kichwani, inaoshwa baada ya nusu saa. Sisi tunaikausha mkononi kwa feni, na tukiona haijakoza tunarudia.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

La kwanza: "Mimi napaka miaka kumi, sijapata hata kipele." Alhamdulillah. Lakini mzio wa namna hii haufanyi kazi kama moto, kwamba ukigusa unaungua hapo hapo. Mwili unaanza kuijua ile dawa kimya kimya. Mara ya kwanza huenda usione kitu, au ukaona baada ya wiki moja au mbili, ukadhani ni joto au sabuni. Ukishaijua, mara nyingine ukipaka mwili unaamka ndani ya siku moja mpaka tatu: kuwasha, kuvimba, malengelenge, maji. Miaka kumi ya salama haikupi hati ya mwaka wa kumi na moja. Na ukishapata mzio wa PPD, kwa kawaida ni wa maisha.

La pili: "Tunajaribu nukta moja kwanza, ikikubali tunapaka." Nukta ya saa moja inakuonesha nini, ikiwa mwili unajibu baada ya siku mbili? Daktari wa ngozi anapopima mzio, anabandika vibandiko vyenye dawa kidogo sana mgongoni, anaviacha saa 48, anaangalia, kisha anaangalia tena baada ya siku nyengine moja au mbili. Hicho ndicho kipimo. Nukta ya saluni ni kujipa moyo, na hiyo nukta yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoufundisha mwili kuchukia.

La tatu: "Ni mila yetu." Mila yetu ni hina. Mila ni somo kumkalisha msichana, majani yakasagwa, akalala nayo mikononi usiku kucha huku wenzake wanamwimbia. Kopo la rangi ya nywele kutoka dukani halikurithiwa na mtu.

Mimi ni fundi cherehani na nashona nguo za harusi, kwa hiyo hili linanigusa hata kwenye kazi yangu. Mtu mwenye mzio wa PPD anaweza kudhurika na baadhi ya rangi za vitambaa vya poliesta, hasa vile vya rangi iliyokoza. Hebu fikirini baibui zetu ni za kitambaa gani. Anaweza kudhurika na baadhi ya dawa za ganzi. Na akifika umri wa mvi, akataka kutia rangi nywele, uso unaweza kumvimba mpaka macho yasifunguke. Yote hayo kwa sababu ya mchoro wa wiki mbili. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na watoto je? Sikukuu ikifika, mtoto wa miaka mitatu anachorwa piko ili apendeze kwenye picha. Huyo hajachagua chochote. Mwili wake ni amana, na tutaulizwa. Hata hina halisi, mtoto mchanga asipakwe bila kuuliza hospitali, kwa sababu wenye upungufu wa G6PD, hali inayoonekana sana kwenye nchi zilizozoea malaria kama zetu, damu yao inaweza kuharibika kwa hina ya majani.

Wapakaji, nyinyi ni wenzangu. Sote tunakula kwa mikono yetu, na siwatakii mkose wateja. Lakini mteja akija kwangu na kitambaa kibovu namwambia kibovu, hata kama kakipenda. Mwambieni biharusi ukweli: hii itakoza nusu saa na inaweza kukuunguza, hii itachukua usiku mzima na itakuwa nyekundu. Mkono wenu ndio unaolipiwa, ule ufundi wa kuchora, si weusi. Mkikataa piko nyote, hakuna biharusi atakayekwenda kwa mwengine.

Na wenye mamlaka ya kukagua vipodozi, pimeni hizo pakiti kama walivyopima wenzetu wa Falme za Kiarabu. Madaktari wa ngozi tunao. Kituo cha kuwafundisha kipo KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992. Wahesabiwe na wasichana wetu wanaokwenda hospitali na mikono ya malengelenge.

Ikishatokea, msipake dawa ya meno, wala asali, wala mafuta ya kienyeji. Osha kwa maji na sabuni laini, usitumbue malengelenge, nenda hospitali, na usione haya kusema, "Nilipaka piko." Uso ukivimba au pumzi ikibana, usingoje asubuhi. Baadaye usitie tena rangi nyeusi ya nywele, na kila unapokwenda kwa daktari mwambie.

Kina mama wa biharusi, neno la mwisho ni lenu. Nyinyi ndio mnaolipa, nyinyi ndio mnaochagua mpakaji. Ulizeni kilichomo kwenye kopo kabla mtoto hajanyoosha mkono. Mkiambiwa "ni hina tu", na ile hina imekoza nyeusi ndani ya saa moja, mnyanyueni mtoto muondoke.

Allah atuhifadhie mabinti zetu, na harusi zote za msimu huu ziwe za kheri. Wasalaam.