Waridi la Kopo na Waridi la Kweli

Wiki hii tuzungumze juu ya pambo la ngozi.

Mama mmoja alitungojea nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, kopo la krimu mkononi. Binti yake anaolewa mwezi ujao, na shoga zake wamempa krimu hiyo ajipake usiku apate kung'aa. Kifunikoni pamechorwa waridi jekundu. "Sheikh," akauliza, "hii si ni maua tu?" Tukaligeuza kopo huku na huku: hapakuwa na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo.

Enyi mama na dada zetu, waridi lililochorwa silo waridi lililotiwa ndani. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zimekutwa na zebaki. Zebaki hupenya ngozini ikadhuru figo, na kwa mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Dini yetu haikuharamisha pambo. Iliyoharamisha ni kujidhuru na kumdhuru mwengine.

Wazee wetu waliyajua marashi ya kweli. Kule Jabal Akhdar, Oman, nchi iliyoungana na pwani yetu kwa damu na biashara, mawaridi huchumwa asubuhi mapema, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei. Hutiwa chunguni yakapikwa, na mvuke wake ukigusa chombo chenye maji baridi kilichowekwa juu hugeuka matone. Hayo ndiyo marashi. Ama mafuta ya waridi ni adimu mno: kilo 1 huhitaji kilo 3,000 za maua au zaidi. Basi anayekuuzia mafuta safi ya waridi kwa bei ya sabuni, muulize amechanganya nini.

Bibi zetu walisaga liwa juu ya jiwe kwa marashi hayo, wakayatia na katika singo ya bibi arusi. Ngozi ikalainika na kunukia, na rangi ikabaki ile ile aliyoumbwa nayo.

Marashi nayo yana adabu zake. Nunua chupa iliyoandikwa vilivyomo: maji ya waridi, pasi na rangi wala manukato ya kiwandani. Jaribu kidogo kwanza upande wa ndani wa mkono, ungoje siku nzima, kwani hata ua halipatani na kila ngozi. Yaweke pasipo jua, na yakibadilika harufu yamwage. Wala usiyafanye dawa: mwenye madoa au vidonda amwendee daktari wa ngozi.

Mama yule tulimshauri binti asilipake kopo lile. Kisha tukamwomba jambo zito zaidi: akae na bintiye amuulize ni nani aliyemwambia kuwa rangi yake ina kasoro. Aliyemposa alimwona na rangi hiyo hiyo, naye akaridhia.

Mwenyezi Mungu awapambe mabinti zetu kwa afya, haya na tabia njema. Amin. Wallahu a'lam.