Bosnia na Herzegovina: Nchi yenye marais watatu

Tarehe 22 Desemba 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko mjini Strasbourg, ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na raia wawili wa Bosnia na Herzegovina. Mmoja wao, Dervo Sejdić, ni Mroma, wa jamii ambayo zamani ikiitwa Wagipsi. Mwengine, Jakob Finci, ni Myahudi aliyewahi hata kuwa balozi wa nchi yake. Malalamiko yao hayahitaji mwanasheria kuyafahamu: katiba ya nchi yao haiwaruhusu kugombea urais, si kwa kosa walilolitenda, bali kwa sababu ya jamii walizozaliwa. Mahakama ikawapa haki. Baada ya hapo zimefanyika chaguzi kuu za mwaka 2010, 2014, 2018 na 2022, na zote zimepita bila ya kifungu hicho kubadilishwa.

Wasomaji wetu wengi wanaikumbuka Bosnia kwa vita vya miaka ya tisini, wakati picha za Sarajevo zilipokuwa zikioneshwa kila usiku katika televisheni. Vita vilipomalizika kamera ziliondoka, na habari za nchi hiyo zikapungua. Lakini namna vita vile vilivyomalizwa ndiyo inayoeleza kwa nini Finci na Sejdić wamefungiwa mlango, na kwa hiyo hatuna budi kuanza mbali kidogo.

Bosnia na Herzegovina ipo kusini mashariki ya Ulaya, katika rasi ya Balkan. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 51,000, yaani zaidi kidogo ya mara ishirini ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Imepakana na Croatia kwa upande wa kaskazini, magharibi na kusini, na Serbia kwa upande wa mashariki, na Montenegro upande wa kusini mashariki. Ni nchi ya milima na mito. Mto Sava ndio mpaka wake mkubwa wa kaskazini, mto Drina unaitenga na Serbia, na mto Bosna, unaopita katikati, ndio ulioipa jina. Kilele kirefu kabisa ni Maglić, mita 2,386. Herzegovina ni ile sehemu ya kusini, yenye joto zaidi, mawe ya chokaa, mizabibu na mitini. Pwani inayo, lakini ni ya kilomita 20 tu hivi, katika mji mdogo wa Neum, na hakuna bandari ya maana. Kipande hicho kinaikata Croatia sehemu mbili, na mwaka 2022 Croatia ilifungua daraja la Pelješac, lililojengwa na kampuni ya Kichina, ili watu wake waweze kwenda Dubrovnik bila ya kuvuka mipaka ya Bosnia.

Sensa ya mwaka 2013 ilihesabu watu milioni 3.5. Wabosniaki, ambao asili yao ni Waislamu, walikuwa asilimia 50, Waserbia, ambao ni Wakristo wa Kiorthodoksi, asilimia 31, na Wakroatia, ambao ni Wakatoliki, asilimia 15. Hapa msomaji asichanganye majina: Mbosnia ni raia yeyote wa nchi hiyo, ama Mbosniaki ni yule wa asili ya Kiislamu peke yake.

Watu wote hao ni Waslavi. Ukiwaweka watatu barazani, mmoja wa kila upande, hutaweza kuwatambua kwa sura wala kwa mavazi. Rasmi wana lugha tatu, Kibosnia, Kiserbia na Kikroatia, lakini tofauti baina yake ni ndogo kuliko ile iliyopo baina ya Kimvita na Kiunguja. Mswahili naye akikaa nao atasikia maneno asiyohitaji kutafsiriwa. Kahawa wanaiita kahva. Khabari ni haber. Asubuhi ni sabah, na kuna wanaoamkiana kwa merhaba. Maneno hayo yalitoka Uarabuni yakapitia Istanbul, kama yetu yalivyopitia Maskati na Hadhramaut.

Zama za kati Bosnia ilikuwa na ufalme wake. Tvrtko alitawazwa kuwa mfalme mwaka 1377, na nchi ilikuwa na kanisa lake ambalo Roma ililitilia shaka. Mwaka 1463 dola ya Kiosmani iliiteka, na katika karne zilizofuata sehemu kubwa ya wenyeji wakasilimu. Hao hawakuwa Waturuki waliohamia, ijapokuwa maadui zao mpaka leo huwaita hivyo kwa kuwatusi. Mayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 nao walipata makaazi Sarajevo katika karne iliyofuata, na wahenga wa akina Finci walikuwa miongoni mwa jamii hiyo. Katika mji huo msikiti wa Gazi Husrev-beg, kanisa la Kiorthodoksi, kanisa la Kikatoliki na sinagogi vyote viko mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Mwaka 1878 utawala ukahamia kwa Austria na Hungary, ambazo mwaka 1908 ziliimeza nchi kabisa. Tarehe 28 Juni 1914 kijana Mserbia wa Bosnia, Gavrilo Princip, alimpiga risasi Sarajevo mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria. Kilichofuata kilitufikia na sisi. Novemba ya mwaka huo huo Waingereza na Wajerumani walipigana Tanga, na kabla ya vita kumalizika maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa wameshakufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi hao.

Baada ya vita hivyo Bosnia iliingizwa katika ufalme ambao baadaye uliitwa Yugoslavia, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ikawa moja ya jamhuri sita za Yugoslavia ya kikomunisti ya Josip Broz Tito. Wazee wetu wanamkumbuka Tito kwa harakati za nchi zisizofungamana na upande wowote, na kwa ziara yake Tanzania mwaka 1970. Bosnia ndiyo iliyokuwa jamhuri yake iliyochanganyika zaidi. Ndoa za mchanganyiko mijini zilikuwa jambo la kawaida, na katika sensa ya 1991 zaidi ya asilimia 5 ya watu walijiandikisha kuwa ni Wayugoslavia tu, basi. Waislamu waliruhusiwa kuandikwa kama taifa katika sensa ya 1971, hata yule mkomunisti asiyejua kibla kiko wapi. Mwaka 1984 Sarajevo iliandaa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Miaka minane baadaye milima ile ile iliyokuwa ya michezo iliwekwa mizinga.

Tito alifariki mwaka 1980, uchumi ukaharibika, na wanasiasa wa kila upande wakagundua kwamba hofu inaleta kura. Slovenia na Croatia zilijitoa mwaka 1991. Bosnia ilipiga kura ya maoni tarehe 29 Februari na 1 Machi 1992. Waserbia wengi waliisusia, na karibu wote waliopiga kura walitaka uhuru. Mwezi wa Aprili nchi ikatambuliwa na Jumuiya ya Ulaya na Marekani, na vita vikaanza. Majeshi ya Waserbia wa Bosnia, yakisaidiwa na Belgrade, yaliteka sehemu kubwa ya nchi na kuwafukuza wasiokuwa Waserbia. Wakroatia na Wabosniaki nao wakapigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1993 na 1994, na daraja la kale la Mostar, lililojengwa mwaka 1566, likaangushwa kwa mizinga ya Wakroatia. Sarajevo ilizingirwa kwa siku 1,425. Watu wapatao 100,000 walikufa katika vita hivyo, na zaidi ya milioni mbili walihama majumba yao.

Srebrenica ilikuwa imetangazwa na Baraza la Usalama kuwa eneo salama. Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa kutoka Uholanzi walikuwapo. Julai 1995 jeshi la Jenerali Ratko Mladić liliingia, likawatenga wanaume na wavulana, na katika siku chache likawaua zaidi ya 8,000. Hayo yalitokea mwaka mmoja tu baada ya Rwanda, ambako pia walinda amani walikuwapo. Mahakama za uhalifu huo zilikuwa ndugu: ile ya Yugoslavia ilikaa The Hague, ya Rwanda ikakaa Arusha, na rufaa zao zilikuwa na majaji wale wale. Chombo kilichozirithi kiliwekwa katika miji hiyo hiyo miwili. Na Mladić alipothibitishiwa kifungo cha maisha mwezi wa Juni 2021, jopo la rufaa liliongozwa na jaji Mzambia, Prisca Matimba Nyambe, ambaye mwenyewe alipinga sehemu kubwa ya hukumu hiyo, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Mganda, Elizabeth Ibanda-Nahamya. Mwaka 2024 Ujerumani na Rwanda ndizo zilizopeleka Umoja wa Mataifa azimio la kuifanya tarehe 11 Julai kuwa siku ya kuyakumbuka mauaji ya kimbari ya Srebrenica. Nchi 84 ziliunga mkono, 19 zikapinga na 68 hazikuelemea upande wowote. Wingi wa hizo 68 unaonesha kwamba jambo ambalo mahakama zimeshalimaliza, wanadiplomasia wengi bado wanaliogopa.

Vita vilisimamishwa Dayton, katika kambi ya jeshi la anga la Marekani jimboni Ohio, Novemba 1995. Waliokubaliana walikuwa Alija Izetbegović wa Bosnia, Slobodan Milošević wa Serbia na Franjo Tuđman wa Croatia, na mkataba ukatiwa saini rasmi Paris mwezi wa Disemba. Katiba ya nchi ni kiambatisho cha nne cha mkataba huo. Wananchi hawakuipigia kura.

Katiba hiyo iliigawa nchi sehemu mbili: Shirikisho la Wabosniaki na Wakroatia, lenye asilimia 51 ya ardhi na mikoa kumi yenye serikali zake, na Republika Srpska ya Waserbia, yenye asilimia 49. Baadaye wilaya ya Brčko ikapewa hadhi yake peke yake. Juu ya yote hayo kuna urais wa watu watatu, Mbosniaki mmoja, Mkroatia mmoja na Mserbia mmoja, wanaopokezana uenyekiti kila baada ya miezi minane. Wabosniaki na Wakroatia huchagua wao katika Shirikisho, Waserbia huchagua wao katika Republika Srpska. Myahudi, Mroma, au mtu anayesema mimi ni Mbosnia tu, hana pa kusimama.

Kwa kuwa watatu hao hukwamishana, kuna Mwakilishi Mkuu wa jumuiya ya kimataifa, ambaye tangu mwaka 1997 alipewa uwezo wa kutunga sheria na kuwafukuza viongozi waliochaguliwa. Paddy Ashdown wa Uingereza mwaka 2004 aliwaondoa takriban maofisa 60 wa upande wa Waserbia kwa siku moja. Kwa sisi tuliosoma historia ya magavana wa kikoloni, cheo hiki si kigeni. Lakini tuseme ukweli, bila ya cheo hicho huenda nchi ingekuwa imeshapasuka. Milorad Dodik, kiongozi wa muda mrefu wa Republika Srpska, alitishia kujitenga mara nyingi. Mwezi wa Februari 2025 mahakama ya Sarajevo ilimtia hatiani kwa kukaidi maamuzi ya Mwakilishi Mkuu, ikampa mwaka mmoja jela na kumzuia kushika wadhifa kwa miaka sita. Agosti rufaa yake ikashindwa, na akapoteza kiti chake.

Tukumbuke kwamba Burundi nayo, baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, iligawana viti kwa kabila, Wahutu 60 na Watutsi 40 kwa mia serikalini na bungeni. Hatuwezi kuwabeza waliotia saini mikataba ya aina hii. Mtu ambaye nyumba yake inaungua haulizi ndoo ya maji ina rangi gani. Kosa la Dayton, kwa maoni yetu, ni kwamba haikuweka siku ya kuondoka hapo. Vyama vilivyopigana vita vilipewa kila kimoja shamba lake la kura, na hakuna anayelima shamba akakubali kulitoa. Katika baadhi ya maeneo ya Shirikisho kuna skuli ambazo watoto wa Kibosniaki na wa Kikroatia husoma katika jengo moja kwa mitaala miwili tofauti.

Umoja wa Ulaya uliipa Bosnia hadhi ya mgombea Disemba 2022, na mwezi wa Machi 2024 ukakubali kuanza mazungumzo ya uanachama, huku ukidai mageuzi. Vijana hawakungojea. Sensa ya 1991 ilikuwa na watu milioni 4.4, karibu milioni nzima zaidi ya ile ya 2013. Wengine wamekufa, wengine wako Ujerumani, Austria, Sweden na St. Louis, Marekani, na wanaokuja kwa wingi siku hizi ni watalii kutoka Ghuba, wanaoitafuta baridi na majani mabichi.

Mahakama ya Strasbourg nayo imeendelea kupokea kesi. Mwaka 2014 ilimpa haki Azra Zornić, aliyekataa kujiandikisha kabila lolote. Mwaka 2016 ikampa haki Ilijaz Pilav, daktari aliyenusurika Srebrenica. Yeye ni Mbosniaki, wa jamii iliyo kubwa kuliko zote nchini, lakini alijiandikisha kuwa mkaazi wa Srebrenica, na mji huo Dayton iliuacha ndani ya Republika Srpska, ambako anayeweza kuchaguliwa kuwa rais ni Mserbia peke yake.