Leza ya kuringia, ruta ya kula ugali

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi, kazi za gazeti zilinibana. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Jumamosi nilikuwa kijiweni hapa Shangani, upepo wa bahari unapiga mpaka kahawa inapoa kabla hujaimaliza. Vijana watano ninaowafahamu wanataka kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 4 ya vijana katika asilimia 10 ya mapato ya ndani. Wanataka kufungua karakana ya mabango. Wazo safi. Nikawauliza, mnanunua mashine gani? Wakajibu kama kwaya: leza! Kwa nini? Mmoja akatoa simu, akanionyesha video ya mwali mwembamba unaochora simba juu ya ubao. "Umeona hiyo, mwandishi?"

Nimeona. Na nasema wazi: mnataka kukopa fedha za wananchi ili mnunue mashine ya kuringia.

Tuelewane kwanza. Leza zinazouzwa kwa bei ya vikundi ni zile za kaboni dioksaidi, na hukata kwa joto la mwanga. Ruta ya kompyuta, ile wanayoiita CNC, hukata kwa kisu kinachozunguka kama keekee. Zote mbili hufuata mchoro uliotengenezwa kwenye kompyuta. Tofauti ni kile zinachoweza kukata, na hapo ndipo watu wanapoliwa hela.

Tembeeni kutoka Shangani hadi sokoni mkiangalia mabango. Mtakuta bati, Alucobond, bodi za PVC, mbao. Alucobond ina ngozi ya alumini, na alumini huurudisha mwanga wa leza hizi kama kioo. Haikatiki. Leza za kukata vyuma zipo, ila bei yake si ya watu watano wenye mkopo.

PVC ndiyo balaa. Ikiunguzwa na leza hutoa gesi ya hidrojeni kloraidi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu huwa asidi. Inakula vyuma vya mashine, inakula na mapafu. Niliwahi kuingia karakana moja, siitaji jina, nikamkuta fundi anakata PVC kwa leza, dirisha moja, feni hakuna. Mimi nilikohoa siku mbili. Yeye anashinda mle kutwa. Nilipomuuliza akacheka: "Tumeshazoea, kaka." Jamani, asidi inazoeleka?

Ruta inakata Alucobond na PVC. Inakata na ubao mnene wa mninga, ambao leza ndogo itauchoma uwe mkaa kabla haijafika upande wa pili. Hapa ni nchi ya wachongaji wa Kimakonde, na Mikindani kwenye milango ya nakshi ni kilomita kama 10 tu. Bango la mbao lililochongwa herufi ndani lingependeza kwenye hoteli zetu. Kwa nini tushindane na fleksi?

Najua mtakavyonijibu. Leza inatoa herufi ndogo na kona kali, ukingo wa akriliki unatoka unang'aa, na huhitaji kubana ubao. Kweli kabisa. Ruta yenye kisu cha milimita 3 haiwezi kutoa kona kali ya ndani, itabaki na duara la milimita 1.5. Tena ina kelele na vumbi, bila barakoa mtakohoa vilevile. Lakini nani anakagua kona ya herufi akiwa juu ya bodaboda? Akriliki ruta inaikata, kisha unasugua ukingo kwa msasa. Karibu kila kazi ya bango inayofanywa na leza, ruta itaifanya kwa jasho zaidi. Alucobond kwa leza yenu hamtaikata hata kwa maombi.

Na vipuri? Kisu cha ruta kikivunjika unabadilisha kwa dakika chache. Bomba la kioo la leza linachoka, linataka maji ya kulipoza muda wote, na likifa kazi imesimama mpaka lije jingine.

Leo mtu wa Mtwara akitaka bango la maana anaagiza Dar, zaidi ya kilomita 500, linakuja kwa basi kupitia Daraja la Mkapa. Hela hiyo ndiyo vijana hawa wanataka ibaki hapa. Wakinunua mashine isiyokata kinachoagizwa, wateja wataendelea kupiga simu Dar, wao watabaki wanachora majina kwenye vishika funguo, na rejesho la halmashauri halitasubiri.

Kwa hiyo ndugu zangu, ruta kwanza. Leza mtanunua kwa faida, kwa ajili ya vikombe vya michezo na zawadi za harusi. Anayebisha aje kijiweni Jumamosi na leza yake. Mimi nitaleta kipande cha Alucobond.

Nawasilisha.