Waulizwe Kwanza

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Stima ikipotea hapa Jericho jioni, sisi hudurusu kwa mshumaa huku tukinung'unika. Juzi darasani tulijadili betri kubwa kama kontena, zinazoweka umeme wa jua na upepo mpaka usiku. Mwenzangu mmoja akasema, "Si zijengwe tu huko mashambani, nafasi iko!"

Wasomaji wapenzi, mimi nilikataa. Hiyo "nafasi" ni shamba la mtu au malisho ya ng'ombe wake. Betri hizo zikishika moto, kuuzima ni kazi, na moshi wake una sumu. Atakayeishi kando yake ana haki ya kuuliza na kujibiwa kwa lugha anayoielewa, kabla msingi haujachimbwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataka wananchi washirikishwe. Kule Lamu, tarehe 26 Juni 2019, mahakama ya kitaifa ya mazingira ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kinangop nako, mradi wa upepo ulikufa mwaka wa 2016 baada ya wenyeji kuupinga. Stima haikupatikana, pesa nazo zikapotea.

Wengine watasema mikutano inachelewesha maendeleo. Je, kesi hazicheleweshi?

Zikivuma habari kwamba nyumba zetu za kaunti zitabomolewa, sisi huuliza, "Nani alituuliza?" Basi, wenzangu, tusimnyime mkulima swali hilo hilo.